Gereji ya Dar ilikata hita ya gari langu bila kuniambia

Sitaki kuharibia mtu biashara, kwa hiyo jina la gereji siliandiki. Wamenitengenezea gari kwa muda mrefu, injini wanaijua, bei zao zinalipika. Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kuwasifu kwanza, kisha nilalamikie jambo moja. Lakini kila nikikumbuka kile kipande cha barabara kati ya Nyololo na Makambako damu inanichemka, na sifa zinakataa kutoka.

Tatizo lilianza taratibu. Zulia la upande wa abiria likawa linalowa, ndani kuna harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinashika utando wa mafutamafuta ambao ukiufuta unasambaa tu. Maji ya rejeta yanapungua lakini chini ya gari huoni tone. Fundi wao mkuu aliligundua haraka, na hilo nampa haki yake: ile rejeta ndogo ya hita iliyojificha ndani ya dashibodi, inayopitisha maji ya moto ya injini ili kupasha hewa ya ndani ya gari, ilikuwa inavuja. Akaniambia niache gari. Nilipolifuata, zulia limekauka, maji hayapungui tena. Kwenye karatasi ya malipo wameandika kwa kalamu, "Hita – imetengenezwa." Nikalipa pesa yote.

Dar huwezi kujua zaidi ya hapo. Nani anawasha hita Kinondoni?

Msimu wa baridi ulipofika ikabidi nimpeleke mama Njombe kumwona dada yake mgonjwa. Tulikuwa na wifi yangu na watoto, gari limejaa. Kitonga tuliipanda mchana, Iringa tukala, lakini Mafinga tuliiacha giza limeshaingia na mvua ya rasharasha inanyesha. Anayeijua njia hiyo anajua kinachofuata baada ya misonobari ya Sao Hill. Ukungu unalala barabarani, na malori ya Tunduma hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu.

Kioo kikaanza kuziba kwa ndani. Hilo lenyewe halikunitisha. Nje baridi, ndani pumzi za watu na majaketi yaliyolowa. Unyevu ule ukigusa kioo cha baridi lazima ugeuke matone. Gari lina dawa yake: unaacha kuzungusha hewa ya ndani, unaingiza ya nje, unawasha AC, unapeleka kitufe cha joto kwenye nyekundu, unaelekeza feni kwenye kioo. AC inakausha hewa, hita inapasha kioo. Wengi wetu tunadhani AC ni ya joto la Dar tu na tunaionea uchungu kwa sababu ya mafuta, kumbe kwenye ukungu ndiyo inayokuonyesha njia.

Nilifanya yote hayo. Nyekundu hadi mwisho, feni hadi mwisho. Kilichotoka ni baridi. Mshale wa joto la injini uko katikati, maana yake maji ya injini ni ya moto kabisa, lakini ndani ya gari tunapulizwa upepo wa friji. AC ikakausha unyevu wa ndani, sawa, ila ikakipoza kioo mpaka ukungu wa nje nao ukakishika. Waipa inafuta, kabla haijarudi kioo kimeshafunga. Watoto wanalia baridi, mama kajifunika vitenge vyote vilivyokuwemo. Nikizima AC ili wapumue, ndani kunaziba tena. Wifi anafuta kwa kitambaa, kitambaa kinaacha michirizi, na taa za lori linalokuja zinaigeuza ile michirizi kuwa ukuta mweupe. Tukashusha vioo vya pembeni kidogo, ukungu wenyewe ukaingia ndani.

Ndipo kukawa na lori limeharibika. Halina taa. Dereva wake alikuwa ameweka majani barabarani kama ilivyo kawaida, na mimi yale majani niliyaona yakiwa tayari chini ya tairi. Nilikata usukani. Upande wa pili hakukuwa na gari. Hakukuwa na gari, basi, hiyo ndiyo sababu ya mimi kuwepo hapa naandika.

Mama hakusema neno mpaka Makambako. Tuliingia kwa mwendo wa kutambaa. Kijana wa kituo cha mafuta alinionyesha kupaka sabuni ya maji kiasi kidogo sana kwenye kioo kikavu kwa ndani, kisha kukisugua kwa kitambaa safi mpaka king'ae. Inasaidia, maana maji hayakai tena matone matone, yanatandaa. Lakini inasaidia kwa muda tu, na kioo kikiwa kichafu haisaidii kitu.

Asubuhi tukapata fundi. Kijana mdogo, gereji yake ni mti na mabati. Akafungua boneti, akashika paipu, akanitazama usoni.

"Dada, nani alikwambia hita imetengenezwa?"

"Mafundi wa Dar."

"Hii imekatwa."

Akanionyesha paipu mbili ambazo zilitakiwa ziingie ndani kwenye hita. Zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha bomba na klipu. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanazunguka hapo, yanarudi. Akasema ni njia ya kuzuia uvujaji ukiwa umekwama njiani, na injini haidhuriki. Shida ni kwamba hupati joto hata chembe, na mteja lazima aambiwe.

Nikampigia mwenye gereji palepale.

"Dada yangu, si maji yaliacha kuvuja?"

"Yaliacha."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Nikamwambia karatasi yake inasema imetengenezwa. Akacheka. "Nchi hii hita ya nini, dada? Wateja wote tunawafanyia hivyohivyo, hajawahi kulalamika mtu. Na wewe nani alikutuma huko kwenye baridi usiku?"

Nchi hii! Njombe ni nchi gani? Makete je, ambako kule Kitulo jalidi linaunguza majani? Mufindi, Rungwe, Lushoto, huko kote watu wa Dar wana wazazi wao, wanazika, wanaozesha, wanasafiri usiku kwa sababu ruhusa ya kazini ni fupi. Na hilo neno "wote" ndilo lililoninyima usingizi. Kuna magari mangapi mjini yenye karatasi kama yangu, na wenyewe hawajui?

Huyu kijana wa Makambako aliagiza hita iliyotumika kutoka Mbeya, akafumua dashibodi, akafunga, akaniwashia gari nikae ndani mpaka nisikie joto usoni. Hakukubali kupokea pesa kabla sijalisikia. Namwombea kila la heri.

Nikirudi kwa wale wa Dar: nilitaka kusema kwa kazi nyingine waendeeni tu, ila ya hita msiwape. Hapana. Mwenye gereji juzi kanipigia, eti nipeleke gari anipunguzie bei ya sevisi, "tuyamalize kifamilia". Hakuomba radhi. Hela ya hita hakuitaja. Na breki za gari hili ni wao waliozifunga, wakaandika kwa kalamu ileile kwamba zimetengenezwa, na mimi nikateremka nazo Kitonga na mama yangu nyuma. Jumamosi nazipeleka kwa fundi mwingine azifungue zote nne, nikiwa nimesimama hapohapo naangalia.