Seti ya mazingaombwe ya jukwaani: chukua vitambaa na pete, koti liache

Seti hii ina vitambaa sita vya hariri vya sentimita 45, pete nane za chuma za sentimita 30, kamba ya pamba, meza ya kukunja yenye mahameli nyeusi, na koti jeusi. Nimeitumia mbele ya pazia jeusi na mbele ya ukuta mweupe, kwenye taa za rangi na taa za kawaida, na siwezi kuisifu yote kwa mkupuo.

Vitambaa ni bora kabisa. Ni hariri halisi, nyepesi: kimoja hubanika chote ndani ya ngumi, na ukifungua mkono kinachanua chenyewe. Vya poliesta hubaki vimekunjamana, na hewa ikiwa kavu hung'ang'ania vidole kwa umeme tuli. Pindo nalo ni jembamba, jambo muhimu sana, kwani pindo nene huongeza uvimbe pale ambapo hutaki uvimbe.

Kasoro ipo kwenye rangi. Mchezo mkuu wa seti unataka chekundu kigeuke cha kijani. Taa ya bluu ikiwaka, chekundu huwa karibu cheusi. Ikiwaka nyekundu, cha kijani ndicho kinachozama gizani. Isitoshe, wapo watazamaji ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili hata mchana. Mimi hutumia njano na bluu iliyokoza: kwenye taa nyeupe, nyekundu au kijani, njano ndiyo inayong'aa, kwenye taa ya bluu hubadilishana, lakini tofauti inabaki. Nyeupe na nyekundu zinavutia sana dukani, ila chini ya taa nyekundu zote mbili huonekana rangi moja. Kabla ya kununua, zipige kwa simu picha isiyo ya rangi. Zikitoka kijivu kilekile, mtu wa kiti cha nyuma atapata shida kuzitenganisha.

Kufua: maji baridi, chekundu peke yake kwa sababu huchuja, kisha pasi ya moto mdogo kikiwa bado na unyevunyevu.

Pete zina mlio safi na ukubwa unaofaa ukumbi. Pitisha uzi wa pamba kuzunguka kila pete. Ukinasa, mshono wa chuma haukusuguliwa vizuri na utanasa hariri pia. Nane ni mzigo kwa mikono, nne zinatosha mchezo mzuri. Mbele ya ukuta mweupe hazionekani vizuri, zinahitaji pazia la giza.

Kamba haina neno. Vuta uzi wa ndani uutoe, italainika na kukatika kwa mkasi bila kung'ang'ania. Meza inayumba mguu mmoja, na mahameli yake hushika kila unywele, kwa hiyo ipige brashi kabla ya pazia kufunguliwa.

Koti ndilo linaloharibu seti. Jeusi mbele ya pazia jeusi, watu wataona kichwa na viganja vinavyoelea. Kwapa limekatwa chini, hivyo ukiinua mkono kifua chote kinapanda na chochote kilicho mfukoni kinapanda nacho. Bitana ya mifuko ni laini mno, mdomo wa mfuko unajifumba. Na vipande vinavyometameta vimeshonwa kwenye ncha za mikono, mahali ambapo hupendi macho yatue, tena vinakwaruza hariri. Jean-Eugène Robert-Houdin, mwanamazingaombwe wa Ufaransa, alipofungua ukumbi wake Paris mwaka 1845, alisimama jukwaani na mavazi ya jioni kama ya watazamaji wake, si joho la mchawi, na bado naona ndiyo njia bora. Mpe fundi cherehani koti la kijivu iliyokoza: akate kwapa juu, mkono uishie kwenye kifundo, na mfuko auwekee bitana ngumu ili mdomo ubaki wazi.

Muuzaji akikubali kuuza kipande kimoja kimoja, nunua vitambaa, pete nne na kamba. Meza yoyote imara inayofika usawa wa kiuno itafanya kazi.