Upau wa juu wa GNOME kwenye Ubuntu 24.04: uzoefu wangu

Ubuntu 24.04, mfumo wa Linux, inakuja na eneokazi la GNOME 46, na upau wake wa juu ni mbishi. Ukiubofya kwa kitufe cha kulia hupati menyu ya kuongeza vitu kama kwenye paneli ya Xfce, eneokazi jingine la Linux, na ikoni haziburutwi. Vichache vinabadilika kwa amri za mfumo wenyewe. Vingine vyote vinapitia viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya GNOME. Nimebaki na viendelezi vinne tu juu ya vile ambavyo Ubuntu inakuja navyo, na idadi hiyo ni ndogo kwa makusudi.

Kabla ya kupakua chochote, maliza kwanza yaliyomo ndani, kwenye terminali, kwa gsettings, amri ya kubadilisha mipangilio ya GNOME:

gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-show-weekday true
gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-show-seconds false
gsettings set org.gnome.desktop.interface show-battery-percentage true
gsettings set org.gnome.desktop.calendar show-weekdate true

Mabadiliko yanaonekana papo hapo. Sekunde ziache zimezimwa kwenye laptop, maana zinaulazimisha upau uchorwe upya kila sekunde hata kama hufanyi kitu. Amri ya mwisho inaweka namba ya wiki kwenye kalenda inayoshuka ukibofya saa. Kama hupangi kazi kwa wiki, iruke.

Kwa viendelezi, situmii kivinjari. Weka programu ya Extension Manager:

sudo apt install gnome-shell-extension-manager

Inatafuta, inaweka, inafungua mipangilio ya kila kiendelezi, na inakuonyesha kisichooana na toleo lako kabla hujajisumbua.

Just Perfection ndicho cha kwanza kuweka, na kama ningeruhusiwa kimoja tu ningechagua hiki. Kinahamisha saa kwenda kulia au kushoto, kinabadilisha unene wa upau, kinaficha ikoni usizozihitaji na kinakuchagulia arifa zitokee upande gani. Upau wa kawaida una unene wa karibu pikseli 32. Kwenye skrini ya 1366 kwa 768 nimeushusha hadi 26, na hapo nikapunguza pia ukubwa wa ikoni, la sivyo zinakatwa chini na nukta ya arifa haionekani vizuri. Tahadhari moja: ukiamua kuuficha upau kabisa, acha chaguo la kuuonyesha ukiwa kwenye mwonekano wa madirisha yote. Bila hilo, kupata menyu ya kuzima kompyuta kunakuwa kazi.

Vitals kinaonyesha joto la prosesa, matumizi ya RAM, feni na kasi ya mtandao. Kinahitaji vifurushi viwili, na watu wengi wanavisahau kisha wanalalamika kwamba hakionyeshi kitu:

sudo apt install gir1.2-gtop-2.0 lm-sensors

Baada ya hapo endesha sudo sensors-detect, jibu maswali, kisha toka na uingie tena. Muda wa kusoma vipimo ni sekunde 5. Mimi nimeweka 10, inatosha kabisa. Chaguo la upana thabiti liwe limewashwa, vinginevyo kasi ya mtandao ikitoka tarakimu mbili kwenda tatu, ikoni zote za jirani zinacheza kushoto na kulia. Ninachokipendea ni kile kipimo cha data iliyopita: ukiwa kwenye hotspot ya simu unaona bando linavyoliwa. Usijaze vipimo vyote, viwili au vitatu vinatosha.

AppIndicator, kiendelezi kinachoonyesha kwenye upau ikoni za programu zinazoendelea kufanya kazi nyuma, kwenye Ubuntu tayari ipo kwa jina la Ubuntu AppIndicators, kwa hiyo usiweke ya pili juu yake. Wa Debian na Fedora ndio wanaopaswa kuiweka wenyewe, maana GNOME iliondoa sehemu ya zamani ya ikoni hizo tangu toleo la 3.26 mwaka 2017, na bila kiendelezi Telegram ikifungwa dirisha inaonekana kama imezima.

Sasa saa yenyewe, na hapa ndipo nimetumia muda mwingi. Ukitaka majina ya siku na miezi kwa Kiswahili huku menyu zikibaki kwa lugha uliyozoea, badilisha LC_TIME, mpangilio wa lugha ya tarehe na saa, peke yake:

sudo locale-gen sw_TZ
sudo update-locale LC_TIME=sw_TZ

Washa kompyuta upya, kisha hakiki kwa locale | grep LC_TIME. Ikiwa bado inaonyesha lugha nyingine, angalia gsettings get org.gnome.system.locale region, kama kuna kitu humo, hicho ndicho kinachotawala, na unakifuta kwa gsettings reset badala ya get.

Mpangilio wa maandishi ya saa unabadilishwa na kiendelezi cha Panel Date Format. Unaandika hivi, kwa dconf, amri inayoandika moja kwa moja kwenye hifadhi ya mipangilio ya GNOME:

dconf write /org/gnome/shell/extensions/panel-date-format/format "'%A %d %B %H:%M'"

Alama za kunukuu ni mbili kwa makusudi: za nje ni za terminali, za ndani ni za dconf. Ukiacha za ndani, amri inakataa. Na usihangaike na gsettings kwenye mipangilio ya viendelezi vilivyowekwa kwenye folda yako. Kwa kawaida haivioni mpaka uielekeze kwa --schemadir, ndiyo maana natumia dconf.

Kipande cha mwisho hakuna mpangilio wa kawaida unaokitoa: saa ya Kiswahili, ile ambayo saa 7:00 asubuhi ya kompyuta ni saa moja. Kiendelezi cha Executor kinaendesha amri yoyote na kubandika jibu lake kwenye upau. Tengeneza faili saa.sh lenye mistari miwili:

#!/bin/bash
TZ=Etc/GMT+3 date '+saa %-I:%M'

Lipe ruhusa kwa chmod +x, kisha kwenye Executor andika njia kamili ya faili, kuanzia /home, na muda wa sekunde 10. Ukiweka 60, saa yako inaweza kuchelewa karibu dakika nzima. Wengi wanakosea kwenye alama ya kujumlisha. Kwenye majina ya Etc alama ziko kinyume: GMT+3 maana yake ni saa tatu nyuma ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, kwa hiyo tofauti ni saa sita kamili, ndiyo tunayoitaka. Ukiandika GMT-3 utapata saa ileile uliyokuwa nayo. Kwa Kigali, Bujumbura au Goma andika GMT+4. Kwa Muscat, GMT+2. Na usichukue tarehe kwenye amri hiyo, kwa sababu kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri itakuonyesha ya jana. Saa ya tarakimu 24 naiacha pembeni yake, inasaidia unaposoma kumbukumbu za mfumo.

Executor ndicho ninachokisifu kwa shingo upande. Kinafanya kazi, lakini skripti nzito yenye muda mfupi itakula prosesa bila kukuambia.

Tatizo kubwa la mpango huu wote ni matoleo mapya. Kila kiendelezi kina faili la metadata.json lenye orodha ya shell-version. Toleo lako likikosekana humo, hakiwaki. Unaweza kuzima ukaguzi huo kwa ufunguo wa disable-extension-version-validation, na wakati mwingine inasaidia. Kuvuka kutoka 44 kwenda 45 haikusaidia kitu: GNOME 45, ya Septemba 2023, ilibadilisha namna viendelezi vinavyoita moduli, kwa hiyo msimbo wa zamani haukuweza kusomwa kabisa mpaka mwandishi wake auandike upya.

Kabla ya kupandisha toleo, hifadhi:

dconf dump /org/gnome/shell/ > upau.ini

Kurudisha ni dconf load /org/gnome/shell/ < upau.ini. Faili hilo lina mipangilio tu. Viendelezi vyenyewe viko ~/.local/share/gnome-shell/extensions, nakili folda hiyo pia. Kisha zima vyote:

gsettings set org.gnome.shell disable-user-extensions true

Ukishapandisha, kizime kila kimoja kwa gnome-extensions disable, maana ukirudisha false vilivyokuwa vimewashwa vinarudi vyote kwa pamoja. Kisha rudisha false na uwashe kimojakimoja kwa gnome-extensions enable. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini, huwezi kuanzisha upya GNOME kwa Alt+F2 na herufi r kama kwenye X11, ule wa zamani, ni lazima utoke na kuingia. Kikigoma, endesha journalctl -f -o cat /usr/bin/gnome-shell kwenye terminali huku ukikiwasha. Jina la kiendelezi chenye kosa litaonekana kwenye mistari ya makosa. Na kama eneokazi halifunguki kabisa, bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, ondoa folda ya kiendelezi hicho, kisha rudi kuingia kama kawaida.