Niliagiza Pet Sounds ya mono, nikaletewa DT

Muuzaji simtaji. Nyota nimempa moja kwa sababu sifuri haikubaliki.

Tangazo lake lilisema wazi: Pet Sounds, albamu ya The Beach Boys, kampuni ya Capitol, 1966, mono. Mzigo umefika juzijuzi, jalada safi, santuri haina hata mkwaruzo, na pembeni pameandikwa DT 2458. Mono, yaani sauti ileile moja pande zote mbili, ni T 2458. Hiyo D ndiyo inayoharibu kila kitu.

D ni Duophonic, stereo ya kughushi. Capitol walichukua mono ileile, besi wakaisukumia upande mmoja, sauti nyembamba upande wa pili, kisha upande mmoja wakauchelewesha kidogo ili sikio lidanganyike. Weka "Wouldn't It Be Nice" usikie. Kodiani, chombo kilekile cha taarabu, inatakiwa ivume imeshikana na ngoma za Hal Blaine. Kwenye DT inakuja na mwangwi wake nyuma, kama inapigiwa bafuni.

Nikamwandikia. Kanijibu: "Kaka, stereo ndiyo bora, mono ni ya redio za kizamani. Unalalamika nini?"

Bora kwa nani? Brian Wilson, kiongozi wa The Beach Boys, sikio la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa, na albamu aliichanganya kwa mono kwa makusudi. Vyombo vyote vilibanwa pamoja kwanza, sauti za waimbaji zikapandishwa juu yake. Hakuna cha kushoto wala kulia cha kutenganisha hapo.

Wala kitufe cha mono kwenye amplifaya hakikuokoi. Ukiunganisha pande mbili wakati mmoja umechelewa, baadhi ya mawimbi yanafutana, sauti inabaki na shimo katikati. Kitufe hicho kinafaa kwa santuri ya mono halisi: sindano ya stereo husoma pia mtikisiko wa juu-chini, ambao kwenye mono hauna muziki, ni vumbi na mikwaruzo tu. Ukikibonyeza, kelele nyingi zinanyamaza.

Kwa hiyo kabla hujalipa, omba picha ya lebo ya katikati. Picha ya jalada haitoshi, majalada hubadilishwa. Stereo halali ipo, ilitoka 1997, imechanganywa upya kutoka kanda za studio, na pamoja na hasira zangu sina la kuisema vibaya. Kengele ya baiskeli kwenye "You Still Believe in Me" unaisikia imejitenga vizuri kabisa.

Halafu kinachoniudhi zaidi: hata hii DT haijafaulu kuiua albamu. "Caroline, No" imekaa mwisho wa upande wa pili, karibu na lebo, mahali ambapo sindano iliyochakaa hufanya kila "s" ipige mluzi, na kanda yenyewe iliongezwa kasi hadi sauti ikapanda nusu toni. Ikiwa sindano ni nzima, unasikia ile chupa kubwa tupu ya maji ikigongwa, na mwishoni treni inapita huku mbwa wa Wilson, Banana na Louie, wakibweka. Nikajikuta nasema basi, nimpe mbili.

Akaniandikia tena: nikitaka kurudisha, nauli ya mzigo ni juu yangu. Moja inabaki moja.