Debian 12 kwa mtu wa mizani na printa za risiti

Kazi yangu ni kuunganisha mizani na printa za risiti kwenye kompyuta za maduka hapa Arusha. Uzuri wa skrini haunihusu sana. Ninachotaka kujua ni kama karani atasoma mizani bila mimi kumwachia nenosiri la root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote kwenye kompyuta.

Kwa Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, jibu la kwanza ni "Permission denied", yaani huna ruhusa. Mizani yenye CH340, chipu ya kuunganisha kifaa kwa USB, inatokea kama faili ya kifaa /dev/ttyUSB0, mali ya root na kundi la dialout (kundi la watumiaji wa milango ya serial), ruhusa 660: root na wanakundi wanasoma na kuandika, wengine hapana. Mtumiaji wa kwanza, yule anayeundwa wakati wa kusakinisha, anatiwa kwenye makundi ya audio, video, plugdev na mengineyo. Dialout hayumo, na hakuna anayemwambia. Mgeni atahangaika na waya usio na kasoro yoyote.

Dawa ni fupi: sudo adduser karani dialout (sudo ni ruhusa ya kutoa amri kwa mamlaka ya root). Halafu atoke kwenye mfumo aingie upya, maana kufunga terminali tu hakutoshi. Ukipendelea amri ya usermod -aG, hiyo a usiiache. Bila yake makundi yake mengine yanafutika, sudo likiwemo. Tena sudo lenyewe lina mambo yake: ukiweka nenosiri la root wakati wa kusakinisha, mtumiaji wa kwanza hapewi sudo. Ukiacha pale patupu, anapewa. Skrini inayaeleza haya, ila nani husoma?

Kuna mafundi wanaomalizia kwa chmod 666, yaani kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika. Sawa, inafanya kazi, mpaka karani achomoe waya apige deki. Akiurudisha, udev, programu inayosimamia vifaa, inaunda faili ya kifaa upya na ruhusa zilezile za mwanzo, na simu inapigwa kwangu. Mbaya zaidi ni kumtia mtu kundi la disk eti flashi ifunguke: hapo anaweza kusoma na kuandika diski nzima moja kwa moja, karibu sawa na kuwa root.

Ninachoisifia Debian ni kwamba kila kundi la msingi limeelezwa ndani ya /usr/share/doc/base-passwd, hata bila intaneti. Na jina dialout linafanya kazi vilevile kwenye Ubuntu, Linux nyingine. Arch, Linux nyingine tena, wanatumia kundi la uucp badala yake, kwa hiyo skripti yangu huko haiendi.

Duka linalobadilisha makarani kila mara, naliwekea Debian bila kusita. Ila waliotengeneza kisakinishi wangeongeza swali moja tu kuhusu dialout.