Altrasaundi ya mkononi kupima diaframu ICU: uzoefu wangu

Nafanya kazi ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Tanga na hii altrasaundi ndogo ya kuchomeka kwenye tableti tumeshaitumia vya kutosha, naweza kuisemea. Sisi hatukuitaka kwa mimba wala figo, shida yetu ni kujua nani tumtoe kwenye mashine ya kupumulia na nani bado, maana diaframu, ule msuli mkuu wa kupumulia ulio chini ya mapafu, mashine ikiufanyia kazi yote unaanza kunywea ndani ya siku chache tu, afu ukimtoa mgonjwa kabla ya wakati anahema mabega juu mnaanza kurudisha mpira wa kupumulia kooni usiku usiku.

Unaweka probu bapa (kile kichwa cha altrasaundi kinachogusa ngozi) ubavuni kulia, kati ya mbavu ya 8 na ya 10, kina kama sm 4. Utaona mistari miwili myeupe sambamba kama reli ya kwenda Korogwe, weusi wa katikati ndo diaframu yenyewe. Pima unene akishatoa pumzi, pima tena akivuta, ile tofauti igawe kwa unene wa kwanza. Ikifika asilimia 30 hivi kwenda juu tunapata moyo.

Kuna mzee alikuja na nimonia kali toka huko Pangani. Ile hesabu ya watafiti Yang na Tobin ya 1991 ya kukisia nani yuko tayari kutoka kwenye mashine, pumzi kwa dakika ugawe kwa lita anazovuta kila pumzi iwe chini ya 105, alikuwa anafaulu vizuri tu na kila mtu anasema toeni. Kuweka probu: mm 2.0 akitoa, 2.3 akivuta, yaani asilimia 15! Dokta akasema leo tumwache, tukaendelea na mazoezi na lishe, na alivyokuja kutoka alitoka bila purukushani.

Ila msiiabudu jamani. Kijana mwingine alikuwa na asilimia 40, safi kabisa, mpira ukatoka, makohozi yakamshinda akarudishiwa. Probu haipimi kikohozi. Na msaada wa mashine ushusheni kwanza, la sivyo mnapima nguvu ya mashine mkidhani ya mgonjwa.

Kero: kwa joto letu hili inachemka inajizima katikati ya kazi, chaji haikai, na upande wa kushoto picha ni ya kubahatisha. Kama hela inatosha probu moja chukueni ile bapa, na wapimaji wawili wapime mgonjwa mmoja walinganishe kabla hamjaziamini namba, maana ukikosea mm 0.2 tu jibu lote limegeuka.