Windy kwa wenye mashua Mtwara: upepo inaupatia, radi usiitegemee

Kwa upepo wa kusi, Windy, programu ya simu inayoonyesha utabiri wa hali ya hewa kwenye ramani, ni msaada mkubwa, na ya bure inatosha wengi. Kwanza gusa mstari wa rangi chini ya ramani mpaka usome kilomita kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo kwa upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, sasa ukikiacha kipimo kwenye noti (knots, yaani maili za baharini kwa saa) utaona 22 udhani upepo ni mdogo, kumbe ndiyo hiyo 40.

Bonyeza kule unakokwenda kuvua, sio pwani ulipo. Soma upepo wa ghafla, maana ndio unaopindua ngalawa. Kisha linganisha modeli mbili za utabiri, ECMWF ya Ulaya na GFS ya Marekani. Zikipishana sana, fuata iliyo kali. Kumbuka pia kwamba ECMWF huigawa ramani kwa visanduku vya kilomita 9 hivi. Kisanduku kimoja kinameza hori lote la Mikindani, kwa hiyo utulivu wa ndani na vurugu ya nje ya mwamba programu inavichanganya.

Kwenye radi ndipo inapoanguka. Visanduku hivyo haviwezi kusema wingu lipi litapasuka, na hapa warusha roketi wa Cape Canaveral, Marekani, wana kanuni ya kuigwa. Pamoja na rada na maputo yao, radi ikipiga ndani ya maili 10 za baharini, yaani kilomita 18.5, husubiri dakika 30. Wana sababu: tarehe 14 Novemba 1969 Apollo 12, safari ya kwenda mwezini, ilipigwa radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza ya kuruka, na ni roketi yenyewe ilipopenya mawinguni iliyoiamsha radi hiyo. Ngurumo husikika hadi kilomita 15 hivi, basi ukiisikia tu, umeshaingia ndani ya kipimo chao. Masika, usitoe chombo mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Windy ya kulipia inaonyesha utabiri wa saa kwa saa badala ya kila saa tatu. Anayevuka kwenda Msangamkuu haihitaji. Anayelala baharini itamfaa. Piga picha ya skrini kabla ya kutoka, mtandao hukatika mbali na pwani.

Kwa kimbunga, sikiliza Mamlaka. Aprili 2019 Mtwara ilitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, jirani tu ng'ambo ya Ruvuma.