Nimeingia Baharini na Saa Janja: Ile "50 m" Isikudanganye

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Mnaliona hili bakuli mezani? Ni maji ya bomba, na humo ndani imo saa. Iacheni ilowe kwanza, tutairudia.

Mwaka jana nilikuwa na saa janja nyingine, jina la kampuni nalimeza. Mgongoni imeandikwa "50 m". Nikasema mimi hata mita kumi sifiki, nina wasiwasi gani? Jioni nikaenda nayo Forodhani, hapa Zanzibar, pale vijana wanapojirusha kutoka ukutani, nami nikajirusha mara tatu. Usiku kioo kikashika ukungu kwa ndani, asubuhi saa imekufa. Naipeleka dukani, naambiwa dhamana haihusu maji. Saa ya mita hamsini, jamani!

Ndipo nikakaa nikasoma. Ile 50 m si kina cha kuzamia. Ni kipimo cha mgandamizo: saa mpya, imetulia tuli, inabanwa kwa nguvu sawa na ya maji ya mita 50. Wewe ukijirusha, mkono unapiga maji kwa kishindo, na hicho kishindo ni habari nyingine kabisa. Halafu kinachozuia maji ni vipete vya mpira, navyo huchakaa. Sabuni na mafuta ya kujikinga na jua huvimaliza upesi. Na mimi nilikuwa naoga nayo kila siku, na sabuni!

Haya, hii ya bakulini ni Apple Watch Ultra, toleo la kwanza, lililotoka 2022 kwa dola 799. Si yangu. Nimeazimwa na shemeji yangu wa Muscat, kwa hiyo mkiniona naishika kama yai mjue sababu. Yenyewe imeandikwa mita 100. Lakini walioitengeneza wanakuambia mbizi ya mtungi wa hewa mwisho mita 40. Mmeona? Mia kwenye maandishi, arobaini kwenye maji.

Kuogelea kwanza. Nimeogelea nayo Nungwi, kwa sababu kule maji yakitoka hayaendi mbali. Paje au Jambiani ungetembea kwanza kuyafuata. Jambo la kujua ni kwamba mawimbi ya GPS hayapenyi majini. Saa inasoma mahali ulipo pale tu mkono unapotoka juu. Ukiogelea kwa kurusha mikono, mstari kwenye ramani unatoka safi. Ukiogelea kama chura, mikono inabaki chini muda wote, na ramani yangu ilinionyesha nimepita juu ya mchanga, karibu na mwenye kuuza madafu. Mapigo ya moyo nayo huyumba, maji yakiingia kati ya ngozi na ile taa ya nyuma inayoyapima. Pandisha saa juu kidogo ya kifundo cha mkono, kaza mkanda.

Kuzamia sasa. Kisiwa cha Mnemba, na mtungi, mita 16. Ukishuka tu, programu ya kina inajifungua yenyewe: kina ulichopo, kina kikubwa ulichofika, muda, joto la maji. Kioo kinang'aa, nilisoma bila kukodoa macho. Ila usikiguse, chini ya maji hakikusikii, tumia vitufe. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Hiyo programu haikuhesabii naitrojeni, gesi ya kwenye hewa unayovuta, inayoingia mwilini. Haikuambii umebakiza dakika ngapi kwenye kina hicho. Kwa hayo kuna programu ya Oceanic+, na ni ya kulipia. Mimi nilikuwa na kiongozi mwenye kompyuta yake ya mbizi, kifaa cha kuhesabu hayo yote, na ya kwake ndiyo niliyoifuata, pamoja na zile dakika tatu za usalama za kusimama mita 5 kabla ya kutoka. Saa ilikuwa ya kunifurahisha tu.

Kitu nilichokipenda hasa ni king'ora. Mkondo ukikuchukua mbali na boti, unabonyeza kile kitufe cha rangi ya chungwa na kushikilia, saa inalia, na kampuni inasema sauti inafika mita 180. Mkono uwe juu ya maji lakini.

Ninunue? Kama wewe ni wa kuogelea ufukweni, saa ya kawaida ya 50 m inakutosha, mradi hujirushi nayo wala huogi nayo kwa sabuni. Mkanda wa ngozi vua nyumbani, maji ya chumvi yatauoza. Kama unazamia kila wiki, pesa hiyo peleka kwenye kompyuta ya mbizi halisi. Ultra ni ya mtu wa katikati, mwenye pesa, anayetaka saa moja ya kazini na ya baharini.

Sasa tuitoe. Imekaa robo saa, chumvi imetoka. Kitufe hiki cha kuzunguka unakibonyeza, unashikilia... sogezeni masikio. Hiyo milio ndiyo inayoyasukuma maji yatoke kwenye spika. Mnayaona matone? Bado yanatoka. Ngoja nirudie tena, shemeji anapita kuichukua saa kumi.